Unga wa mlonge, kisukari cha mama na damu ya mjamzito

"Mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari kwa miaka saba sasa. Alikuwa anameza metformin asubuhi na jioni, glibenclamide asubuhi, na losartan ya presha. Miezi miwili iliyopita jirani alimletea kopo la unga wa mlonge, akamwambia akoroge vijiko viwili vya chakula kwenye maji ya moto asubuhi na viwili jioni, na atafune mbegu tatu kila akiamka, kwamba atapona kabisa. Baada ya wiki mbili hivi akaacha metformin, anasema inamsumbua tumbo. Hizo nyingine bado anameza. Jioni siku hizi ni mlonge na kipande cha muhogo, mara nyingine hali kabisa. Wiki iliyopita aliamka alfajiri anatetemeka, kalowa jasho, anaongea visivyoeleweka. Alipopewa chai yenye sukari akatulia. Jirani anasema hiyo ni sumu inatoka mwilini. Mimi mwenyewe nina ujauzito wa miezi minne, kliniki wamepima wingi wa damu wakakuta 9.6, na nimeshauriwa nichemshe mizizi ya mlonge iniongezee damu. Nyumbani tuna miti miwili mikubwa. Naomba ukweli: mlonge ni dawa au si dawa, na tuutumieje?"

Dada yangu, nianze na ile alfajiri, maana mengine yote yanaweza kusubiri lakini hiyo haisubiri. Kutetemeka, jasho jingi, maneno kuchanganyika, kisha kutulia baada ya chai ya sukari: hiyo si sumu inayotoka. Hiyo ndiyo sura ya sukari iliyoshuka kupita kiasi, na chai yako ndiyo iliyothibitisha. Kama ingekuwa "sumu", sukari isingeitoa ndani ya dakika chache.

Sababu unaweza kuiona kwenye orodha yako mwenyewe ya dawa. Glibenclamide hulisukuma kongosho litoe insulini, na hufanya hivyo mtu awe amekula au hajala. Ikimezwa asubuhi, nguvu yake hufika mpaka usiku na alfajiri inayofuata, na kwa mtu mwenye umri mkubwa au mwenye figo zilizochoka hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Metformin haifanyi kazi hivyo. Yenyewe hupunguza sukari inayotengenezwa na ini na kuusaidia mwili kuitumia insulini iliyopo, kwa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Mama ameacha kidonge kilicho salama zaidi upande huo, akabaki na kile kinachoweza kumwangusha, halafu akapunguza chakula cha jioni. Mlonge unaweza kuwa umeongeza kidogo juu yake, lakini kwa maelezo yako mshukiwa wa kwanza ni glibenclamide juu ya tumbo tupu.

Kwa hiyo mpeleke kliniki yake ya kisukari kesho, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mpaka aonwe, asilale bila kula chakula cha kueleweka: ugali, wali, viazi au muhogo wa kutosha, pamoja na mboga na maharage au samaki. Siku ambayo hatakula, asimeze glibenclamide. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya dawa hii. Kama mna mashine ya kupimia sukari, mpimeni kabla ya kulala na akiamka. Ikisoma chini ya 3.9 (kwa mashine zinazosoma kwa miligramu ni chini ya 70), au hamna mashine lakini dalili ni zile zile, korogeni vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, msubiri dakika 15. Asipopata nafuu, rudieni. Akishatulia ale chakula kamili, maana sukari ya glasi huisha haraka wakati dawa bado iko kazini. Akipoteza fahamu msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na hata akizinduka vizuri, tukio la kuchanganyikiwa kwa mtu anayetumia glibenclamide linahitaji kuonwa siku hiyo hiyo, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye.

Sasa hilo tumbo. Mama ametumia metformin kwa miaka na hukuniandikia kwamba ilimsumbua. Taabu imeanza wiki chache baada ya kuanza vijiko vinne vya mlonge kwa siku na mbegu mbichi asubuhi. Mimi ningeanza kuwatilia shaka hao wageni wawili kabla ya mwenyeji. Unga mwingi wa mlonge hulegeza choo, na mbegu mbichi zinajulikana kwa kichefuchefu na msokoto wa tumbo. Inawezekana kabisa metformin imebebeshwa kosa lisilo lake. Na hata kama ni yake kweli, dawa hiyo ina njia zake: kumeza katikati ya chakula badala ya kabla, kupunguza dozi kisha kuipandisha polepole, au kubadilishiwa vidonge vya aina inayoyeyuka taratibu. Yote hayo daktari wake anaweza kuyafanya. Kuiacha kimyakimya hakumsaidii.

Swali lako la ukweli sasa. Mlonge, au mronge, au mzunze kama wanavyouita pwani ya Kenya, ni mboga nzuri sana yenye vitu ndani yake vinavyogusa sukari na presha kidogo. Mboga nzuri si tusi. Lakini si kitu cha kuwekwa kwenye nafasi ya kidonge.

Kinachotokea ni hiki. Majani yana polifenoli nyingi, yaani kemikali za asili za mimea, zikiwemo kwasetini na asidi ya klorojeniki, ile ile iliyomo kwenye kahawa. Maabara zimeonyesha kwamba vitu hivi hupunguza kasi ya vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja wanga kuwa sukari, na pia hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Maana yake, ukila majani ya mlonge pamoja na ugali, sukari inaweza kupanda taratibu zaidi baada ya mlo. Ndiyo maana kuna mantiki ya kuyala na chakula, na hakuna mantiki ya kunywa unga usiku bila chakula: hapo hakuna wanga wa kucheleweshwa. Panya wa maabara waliopewa dondoo kali wameshuka sukari sana, na habari hizo ndizo zinazosambaa kwenye simu. Kwa binadamu majaribio ni machache, ya watu wachache, ya muda mfupi, na majibu yake hayalingani. Baadhi yametumia gramu 7 hadi 8 za unga wa majani kwa siku. Hebu tupime kopo la jirani: kijiko cha chakula kilichosawazishwa hubeba gramu 6 hadi 8 hivi, kikijazwa kilima ni zaidi. Vijiko vinne ni gramu 24 mpaka 32. Mama yuko kwenye mara tatu au nne ya kiwango hicho, bila mtu wa kumpima.

Na hapo ndipo losartan inapoingia. Losartan huufanya mwili ubakize potasiamu. Majani ya mlonge yana potasiamu, na unga uliokaushwa umeikusanya zaidi. Kwa mtu mwenye figo nzima hilo si tatizo. Kwa mtu mwenye kisukari cha miaka saba na presha, figo ndizo za kwanza kuulizwa, kwa sababu magonjwa yote mawili huzila polepole bila maumivu. Potasiamu ikipanda sana hugusa mapigo ya moyo. Kwa hiyo mkifika kliniki, ombeni kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kama hakijafanyika mwaka huu, na potasiamu ikiwezekana. Mlonge wenyewe pia unaweza kushusha presha kidogo. Kama Mama anasikia kizunguzungu akisimama ghafla, mwambieni daktari. Kwa faida ya wengine wanaosoma: anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe kiasi cha majani haya bila kumwambia anayempima damu, kwa sababu yana vitamini K nyingi kama mboga nyingine za kijani, na anayemeza dawa ya homoni ya tezi ya shingo naye aulize kwanza.

Nije kwenye sifa zinazochapishwa nyuma ya makopo: vitamini C mara saba ya chungwa, vitamini A mara nne ya karoti, kalsiamu mara nne ya maziwa, potasiamu mara tatu ya ndizi, protini mara mbili ya mtindi. Ulinganisho huu ulienea kutokana na kampeni za lishe za Senegal mwishoni mwa miaka ya 1990, ambako nia ilikuwa njema na walengwa walikuwa watoto wenye utapiamlo. Lakini uchukue jedwali la vyakula la Idara ya Kilimo ya Marekani, usome gramu 100 kwa gramu 100 za vitu vibichi. Majani ya mlonge yana miligramu 52 za vitamini C, chungwa 53. Potasiamu ni 337 kwa mlonge, 358 kwa ndizi. Vitamini A ya karoti ni zaidi ya mara mbili ya mlonge. Kalsiamu ni 185, maziwa ni kama 113 hadi 125. Sifa inayosimama vizuri ni ya protini: gramu 9.4, jambo adimu kwa jani bichi. Mchicha una gramu 2.5 tu. Chuma ni miligramu 4 kwa mlonge na 2.3 kwa mchicha, ila kwa kalsiamu mchicha unaushinda mlonge, 215 kwa 185. Namba hubadilika kufuatana na udongo, umri wa jani na mbegu iliyopandwa, lakini picha ndiyo hiyo: ni jirani wa mchicha na kisamvu, mwenye protini ya ziada.

Kisha kuna hila ya gramu 100. Gramu 100 za majani mabichi ni kama vikombe vitano vya chai vilivyojaa majani yaliyokatwa, mlo unaowezekana. Gramu 100 za unga hakuna anayezila. Kijiko cha chai cha unga, gramu 3 hivi, kina protini isiyofika gramu moja na chuma kisichofika miligramu moja, na kidogo tu cha hicho chuma ndicho kinachoingia kwenye damu, kwa sababu faiteti na tanini zilizomo kwenye jani hukishikilia. Na zile kapsuli? Nyingi zina nusu gramu. Unanunua nusu gramu ya mboga kwa bei ya dawa wakati mti uko uani.

Hili la chuma ndilo linalokuhusu wewe. Damu ya 9.6 ujauzito wa miezi minne ni pungufu. Si ya kukimbilia chumba cha dharura, lakini ni ya kutibiwa sasa, kabla mtoto hajaanza kudai zaidi na kabla ya siku ya kujifungua, ambapo kila mama hupoteza damu. Vidonge vya kliniki vya kuongeza damu huwa na chuma cha miligramu 60 hivi kila kimoja. Linganisha na kijiko cha unga chenye pungufu ya miligramu moja. Hakuna mzizi wala jani litakaloziba pengo hilo kwa wakati. Muulize muuguzi kama dozi yako iongezwe, na ukumbushie mambo mawili ambayo huku kwetu hula damu ya wajawazito: malaria na minyoo. Kama hukupimwa malaria wala kupewa dawa ya minyoo, dai. Vidonge meza na maji ya ndimu, chungwa au embe. Chai ya rangi na kahawa ziwe mbali navyo kwa saa mbili, na hata unga wa mlonge usimezwe navyo pamoja, kwa sababu kalsiamu na tanini zake hukigombania chuma mlangoni. Vikikusokota tumbo au choo kikawa kigumu, usiviache. Meza usiku baada ya kula, kunywa maji ya kutosha. Choo cheusi ni kawaida, kisikutishe.

Mizizi usichemshe. Hapa sina maneno ya kuzunguka. Mizizi na magome ya mlonge yametumika tangu zamani, India hasa, kutoa mimba, na majaribio kwa wanyama yanaunga mkono kwamba hayo si maneno matupu. Mizizi ina alkaloidi, yaani kemikali kali za mimea, na ukali kama wa haradali kwa wingi, ambao majani yana kidogo tu. Aliyekushauri huenda alisikia "mlonge unaongeza damu" akadhani mti wote ni mmoja. Sivyo. Jani, mbegu na mzizi ni vitu vitatu tofauti, kama vile mtu anavyokula kiazi mviringo lakini hali majani yake. Kama umeshakunywa, hata kikombe kimoja, na unaona damu ukeni, maumivu ya kubana chini ya tumbo au mgongo unaokuja na kuondoka, nenda kituo cha afya leo hii na useme wazi ulichokunywa. Hakuna atakayekusaidia vizuri ukificha.

Mbegu nazo ziache mpaka ujifungue. Majani yaliyopikwa kama mboga, kiasi cha mlo wa familia, unaweza kuyala. Wafilipino huyatia kwenye mchuzi wa kuku, na huko mama anayenyonyesha hupewa kwa makusudi. Wakonso wa kusini mwa Ethiopia wana ndugu wa mti huu, mlonge wa Ethiopia wenye majani mapana zaidi, ambao pia hukua porini kaskazini mwa Kenya. Majani yake huyapika pamoja na vitonge vya unga wa mtama, na hicho ndicho chakula chao cha kila siku, si dozi. Hivyo ndivyo ningependa mti wenu uingie nyumbani.

Namna ya kuupika. Chuma ncha za matawi, majani machanga ya kijani kibichi yasiyoanza kugeuka manjano. Osha yakiwa bado kwenye vikonyo, kung'uta maji, kisha pukuchua kwa kuvuta kikonyo kati ya vidole kutoka nchani kurudi nyuma. Vikonyo tupa, hata vile vyembamba; ndivyo vinavyofanya watu waseme mlonge unakwaruza koo. Kwa watu wanne chuma mpaka upate vikombe kumi vya majani yaliyopukuchuliwa, maana yananywea mno. Kaanga kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, tia majani na maji nusu kikombe, funika, dakika saba hadi kumi yameiva. Uchungu ukiwazidi, changanya nusu kwa nusu na mchicha au majani ya kunde badala ya kuchemsha na kumwaga maji. Ukimwaga maji unamwaga na vitamini C. Tui la nazi au karanga zilizosagwa mwishoni si anasa: vitamini A ya jani haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Dagaa wakipatikana watie, kwa sababu samaki na nyama humsaidia mlaji kufyonza chuma cha mboga. Kamulia ndimu mezani. Na usiogope moto: vipimo vya maabara vya Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye tawi Arusha, vilionyesha kwamba majani ya mlonge yakichemshwa chuma chake hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko yakiwa mabichi. Wanaosaga mabichi kwenye juisi "ili yasipoteze nguvu" wanapata ukali mwingi na chuma kidogo.

Kwa Mama mboga hiyo hiyo inafaa sana, mara tatu au nne kwa wiki, ila sahani yake muipange: nusu mboga, robo maharage au samaki, robo ugali. Hiyo nusu ya mboga itamshushia sukari ya baada ya mlo kuliko kopo lolote. Karanga na nazi kwake viwe kidogo kama anapaswa kupunguza uzito.

Unga naujadili kwa sababu najua hamtauacha. Una kazi yake, hasa kiangazi miti inapopukutisha. Tengenezeni wenyewe, maana hamjui kopo la jirani lilikaushwa wapi. Mengi hukaushwa chini, kuku wakipita juu yake. Osha majani kwa maji safi, suuza mara ya pili, yaache yachuje maji kabisa. Tandaza safu nyembamba kwenye wavu ulioinuliwa, ndani ya chumba chenye hewa kisichopigwa na jua, kwa sababu jua kali huunguza beta-karotini na kugeuza rangi. Geuza kila siku. Baada ya siku nne hivi jani likishikwa livunjike kama karatasi kavu. Likikunjika bado lina unyevu na litaota ukungu. Twanga, chekecha, weka kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri, gizani. Kilo saba mpaka nane za majani mabichi zitakupa kilo moja ya unga, kwa hiyo msitengeneze mwingi kuliko wa miezi sita. Unga mzuri ni wa kijani. Ukiwa kahawia umeungua au umezeeka, ukinuka uvundo tupa. Tieni kwenye mchuzi au maharage yakiwa bado yanachemka, dakika tatu kabla ya kuepua, ili moto uue vijidudu vya mikono na vumbi. Vitamini C ya kuogopea hapo haipo, sehemu kubwa ilishakwenda wakati wa kukausha.

Kiasi? Kwa Mama, kwanza sifuri mpaka daktari apange upya vidonge na kuona majibu ya figo. Figo zikiwa nzima na sukari ikiwa imetulia, kijiko kimoja cha chai ndani ya chakula cha mchana kinatosha. Mkiongeza cha pili, pimeni sukari saa mbili baada ya kula kwa wiki mbili na muandike kwenye daftari. Mkiona inashuka, mpelekee daktari hilo daftari, yeye ndiye apunguze dawa. Msipunguze ninyi. Na msiamini kipimo cha siku moja: kitakachosema ukweli ni kile cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c. Figo zikiwa zimechoka, unga muuache, na kiasi cha mboga muulizie hapo hapo kliniki.

Mbegu ambazo Mama amekuwa akitafuna zina kazi nyingine bora. Zimebeba mafuta, theluthi moja ya uzito wake na zaidi, na protini ndogo yenye chaji chanya ambayo huvuta chembe za tope zenye chaji hasi, zikashikana, zikazama. Wanawake wa Sudan kando ya Nile wamesafisha maji hivyo kwa vizazi. Kama mnatumia maji ya lambo yenye tope, chukua mbegu zilizokauka mtini, menya ganda mpaka kiini cheupe, tupa vyenye madoa. Kwa ndoo ya lita 20 twanga viini 10 hivi, vifike 15 maji yakiwa machafu sana. Koroga unga huo kwenye kikombe cha maji safi dakika tano, chuja kwa kitambaa ndani ya ndoo, koroga haraka dakika mbili kisha polepole dakika 10 hadi 15. Funika, usitikise kwa saa moja au mbili, chota maji ya juu. Tope na vijidudu vingi vitakuwa vimekwenda chini, lakini si vyote, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Yatumike siku hiyo hiyo: mabaki ya mbegu ni chakula cha bakteria, wataongezeka tena. Wewe hasa, ukiwa mjamzito, usiruke kuchemsha.

Miti yenyewe, kwa kuwa ni mikubwa, ikateni kimo cha kifua mvua zinapoanza. Itachipua matawi mengi ya kufikiwa kwa mkono, na mtavuna kila wiki tano au sita wakati wa mvua. Msimpandishe mtoto juu ya mlonge kuchuma. Mbao zake ni laini na tawi hukatika bila kutoa sauti ya onyo.

Siku ya kliniki mpelekeni Mama na pakiti zote za vidonge, hata ile metformin iliyoachwa, pamoja na kopo la unga na mbegu. Mwambieni daktari idadi ya vijiko, saa ya chakula cha jioni, na ile alfajiri neno kwa neno kama ulivyoniandikia. Ulizeni mambo matatu: kama glibenclamide ibadilishwe au ipunguzwe, metformin irudishwe vipi, na figo zikoje. Kama atapata tena kutetemeka usiku, au kiu kali na kukojoa sana kwa kukosa metformin, au kutapika na kupumua haraka, msingoje tarehe hiyo. Nawe, mizizi kama ishachimbwa, itupe shimoni. Ukirudi kupima damu baada ya wiki nne za vidonge inapaswa kuwa imepanda. Ikibaki pale pale ilhali umevimeza kila siku, omba daktari atafute sababu nyingine badala ya kuongezewa vidonge tu.